Hita Iliyokuwa Ikizimika Yenyewe

Hita yetu ilikuwa na tabia ya kuzimika yenyewe, na watu wazima watatu tulikaa chini tukakubaliana kwamba ni mbovu. Asubuhi inawaka vizuri, chumba kinapata joto, mama mkwe anatabasamu, halafu unasikia tak, imekata. Unaiwasha tena, inakaa kidogo, tak. Mimi nilikuwa mzazi mbichi, mkaja umenibana tumbo, maziwa yananivuja, mtoto analia, na kila nikiisikia ile tak nilitamani kuipiga teke. Sikuthubutu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuniambia kuwa mzazi harushi miguu.

Tulikuwa hatujakubaliana hata jina la kitu chenyewe. Mume wangu ni dereva wa familia moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri hapa Doha, kwa hiyo yeye aliiita dafaya kama wanavyoiita waajiri wake. Mimi niliiita hita. Mama yake, aliyetoka Unguja kuja kunilea arobaini, aliiita jiko, na kwa kuwa aliiita jiko akaifanya jiko kweli. Juu yake hapakukosa sufuria ya mchaichai, na nepi za mtoto zilikauka mgongoni mwake. Nilisema nepi zitaungua. Nikaambiwa yeye amekausha nepi tangu sijazaliwa.

Lilikuwa kasha la bati lenye magurudumu, mbele vigae vinavyoiva vyekundu, nyuma pameingizwa mtungi wa gesi. Waajiri walikuwa wakilitumia kwenye hema lao la jangwani, wakati wa baridi, wakikaa na wageni. Waliponunua jipya, hilo wakampa dereva. Sasa hema upepo unaingia chini, unatokea juu, unapita popote unapotaka. Sisi tukalichukua tukalitia chumbani kwetu, mtaa wa Abu Hamour, tukashukuru.

Chumba chenyewe kilikuwa nusu ya sebule ya watu wa zamani. Hizi villa za wapangaji zinakatwakatwa kwa kuta za jipsamu, ukikohoa jirani anakwambia pole. Dirisha tulikuwa nalo moja, na AC ilikuwa imekalia sehemu yake kubwa. Hita ya umeme tuliwahi kuijaribu: tulipoichomeka tu, umeme wa villa nzima ukaanguka, wapangaji wakatoka milangoni wakitafuta mchawi. Ndiyo maana tukaingia kwenye gesi. Na nyumbani Tanga hawaniamini nikisema Doha kuna baridi. Ipo. Upepo wa kaskazini ukivuma Januari, sakafu ya vigae inakuuma nyayo, na kwa mtoto wa pwani aliyezoea jasho, ile si baridi, ni uonevu.

Basi mama mkwe akautangazia upepo vita. Kwao mzazi ni kidonda. Hewa ya nje ikimpiga, ataumwa mgongo mpaka anaingia kaburini. Alichukua taulo akaziba nalo chini ya mlango. Akachukua kanga zake, nzuri, mpya, za kunitunza mimi, akazikunja vipande vipande na kuzisokomeza kwenye kila ufa kuizunguka ile AC. Asubuhi na jioni alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga mkaja, akaninywesha uji wa pilipili manga, akatia makaa kwenye chetezo na kunifukiza, mimi na mtoto. Mkono wake ni mwepesi, nisimsingizie. Mwili wangu ulikuwa unarudi. Roho ndiyo iliyokuwa haikai.

Mimi si mtu wa kukaa. Nimefanya kazi za ndani kwenye nyumba za ghorofa mbili, nikapanda na kushuka ngazi siku nzima, leo unanifungia kwenye chumba ninachokimaliza kwa hatua nne na kunikataza hata kusogeza pazia. Nilizunguka kitanda. Nikakunja nguo zilizokunjwa. Nikamwangalia mtoto anapumua, nikakaa, nikaondoka, nikarudi kumwangalia. Mama mkwe akacheka, akasema nimekuwa kuku wa mayai ya kwanza.

Halafu vikaanza vichwa. Kichwa kilikuwa kikiniwanga kuanzia adhuhuri, hapa kwenye paji, na moyo unanichafuka kama niliyepanda boti. Mtoto naye alikuwa mlizi wa kutisha asubuhi, lakini ikifika mchana analegea, ananyonya mara mbili anaachia. Mama mkwe mwenyewe alilalamika miguu mizito. Ila nikienda choo, ambacho kilikuwa nje ya chumba, mwisho wa korido, nikikaa huko kidogo kichwa kinapoa. Nikaanza kukaa chooni kwa makusudi. Mume wangu akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Mama mkwe alikuwa na jawabu lake, wala hakulitafuta mbali. Baba mtu, kwa furaha yake, alikuwa ameiweka picha ya mtoto kwenye status ya WhatsApp, uso wazi, kila mwenye simu akaona. Kwa mama yake jambo likaishia hapo. Lilikuwa jicho. Watu wamemtazama mtoto, hawakusema mashallah, sasa nyumba nzima inaumwa. Akamfokea mwanawe mpaka picha ikafutwa, na fukizo la mara mbili kwa siku likawa la mara nne. Udi kwangu, ubani kwa mtoto, milango imefungwa ili moshi usipotee bure. Na hita inawaka. Na hita inakata. Tak.

Mimi nikawa nimeona kitu. Wala si kwa elimu, ni kwa kukosa kazi. Siku mume wangu alipokuwa akiingiza katoni za sabuni na maji ya kunywa, mlango ukikaa wazi muda wote ule, hita iliwaka jioni nzima haikukata hata mara moja. Tukishaufunga na kuuziba kwa taulo, baada ya kitambo, tak. Nikamwambia: hii kitu inakata tukijifungia tu. Akaniuliza mlango na gesi vinajuana wapi. Nilikuwa na wasiwasi mtupu, na wasiwasi wa mzazi hauna soko. Ukiusema unaongezewa uji.

Nilimwambia pia tutoe kanga moja tu, ile ya juu. Akamtazama mama yake. Mume wangu ni simba kwenye barabara za Doha, anawapigia honi watu wenye magari ya bei ya nyumba, lakini mbele ya mama yake ni maji ya mtungini, katulia tu. Akaniambia nivumilie, arobaini si mwaka. Nikasonya. Nilisonya kimoyomoyo, lakini nilisonya.

Ijumaa akaja fundi. Ni rafiki wa mume wangu, Mkenya wa Nairobi, anafanya kazi kwenye karakana ya AC huko Industrial Area, na Ijumaa zake nyingi alizimalizia kwetu kwa sababu ya pilau. Mtu mwema, mcheshi, aliwahi kututengenezea friji na pasi. Aliingia na kiboksi chake cha vifaa, akamwamkia mama mkwe shikamoo ya heshima, akapiga magoti mbele ya hita.

Na kazi aliifanya, nitasema haki yake. Alifunga mtungi kwanza. Akatoa kifuniko cha nyuma, akapuliza vumbi, na vumbi la jangwa lilitoka humo la kutosha kupanda mchicha. Akasugua vigae kwa brashi. Akachanganya sabuni ya vyombo na maji, akapaka povu kwenye mpira wote, kwenye kichwa cha mtungi, kwenye maungio, akaangalia kama panachemka. Hapakuchemka. Akasema mpira bado mzima, hauna nyufa, hakuna gesi inayovuja, na akagusa pua yake: gesi ikivuja utaisikia tu, pua haidanganyi. Mama mkwe akaitikia. Hilo hata Unguja wanalijua. Sote tulikuwa tukiamini hivyo, kwamba hatari ya gesi ni harufu, na chumba chetu kilikuwa kikinukia udi tu.

Akaiwasha. Tukala. Mlango ulikuwa umefungwa, watu wengi ndani, na kabla hajamaliza sahani, tak.

Alirudi akachungulia kwenye kile kimoto kidogo kinachowasha vigae. Mbele yake kuna kisindano cha shaba. Akatueleza: kisindano hiki kikipata moto kinaruhusu gesi ipite, kikipoa kinafunga. Sasa kimechoka, au kimekaa mbali na moto. Nikamuuliza, kwa nini basi waliotengeneza wakakiweka? Akasema ni kwa ajili ya usalama, upepo ukizima moto gesi isije ikajaa nyumba.

"Na hapa kwenu, shemeji, upepo utaingilia wapi?" akasema, akicheka, akionyesha kanga za mama mkwe.

Mama mkwe alicheka naye. Fundi akakamata kisindano kwa koleo, akakipinda pole pole mpaka ncha yake ikazama katikati kabisa ya ule moto. Akasema sasa haitazima hata ukiiomba. Nilitaka kusema neno. Mume wangu akanitazama kwa yale macho ya mama-yupo, nikatoka kwenda zangu chooni.

Kesho yake hita haikukata. Iliwaka asubuhi, ikawaka mpaka mchana, chumba kikawa kama tanuri la mkate. Mama mkwe alimwombea fundi dua ndefu, yeye na wazazi wake. Mume wangu yuko kazini. Niliona vigae havikuwa vyekundu kama siku zote, moto ulikuwa wa manjano, unaramba, na ukutani juu ya hita pamefanya weusi. Nikamwonyesha. Akasema ni jiko, majiko yote yana masizi. Akanifukiza, akamfukiza mtoto, na mtoto akatulia kwa mara ya kwanza tangu tutoke hospitali. Hakulia kabisa. Alilala, mashavu mekundu mazuri.

"Unaona?" mama mkwe akaniambia. "Jicho limetoka. Nawe lala, mwanangu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikajilaza. Mama mkwe akatia udhu, akatandika mswala pembeni ya kitanda, akaanza kuswali adhuhuri. Kichwa kinaniwanga lakini kwa mbali, kama cha mtu mwingine. Kilichonisumbua ni maziwa. Yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, yamelowesha mkaja, na mwenyewe halii kuyadai. Nikamchukua, nikamwekea titi mdomoni. Mdomo haukushika. Nikamtekenya nyayo, nikamfinya sikio kidogo. Kichwa chake kikaegemea mkononi mwangu kizito, tepetepe, na maziwa yakamchuruzika shavuni.

Nikageuka nimwite mama. Alikuwa kwenye sijda.

Mtu aliye kwenye sijda humkatizi. Sisi tumelelewa hivyo, ukimkuta mtu anaswali unapita nyuma yake na unameza mate yako. Nikasubiri ainuke. Nikahesabu tasbihi zake kwa niaba yake, tatu, nikasema labda anaomba dua, mama huyu ana dua ndefu, anamwombea mjukuu. Nikasubiri. Shuka lake la kuswalia lilikuwa limetulia, halipandi wala halishuki. Ndipo nikasikia hofu, kwa sababu hakuna binadamu anayesujudu muda wote ule.

Nilisimama, magoti yakakunjika. Nilikuwa na akili yangu timamu na miguu si yangu. Nilikwenda mlangoni kwa kujiburuta na makalio, mtoto nimembana kwapani kama mzigo wa nguo, nikang'oa lile taulo, nikavuta kitasa. Korido. Mlango wa nje. Upepo wa kaskazini ulinipiga uso mzima, mimi mzazi, kichwa wazi, kifua wazi, na sijawahi kupigwa na kitu kitamu kama kile. Nikamlaza mtoto juu ya zulia la mlangoni, baridini, nikampulizia usoni, nikampiga nyayo. Akavuta pumzi kwa kukwama, akakunja uso. Hakulia. Lakini alikunja uso.

Kisha nikarudi ndani kumfuata mama. Watu huniuliza nilirudi vipi, na sina maelezo. Nilibana pumzi, nikashika ncha mbili za mswala wake, nikavuta. Ni mama mnene na mimi nilikuwa na mshono. Mswala ni wa kuteleza, vigae ni vya kuteleza, akatoka nao. Nilipomfikisha koridoni niliingia mara ya tatu, nikakaza koki ya mtungi mpaka mwisho, nikasukuma dirisha na kanga zake zote zikaanguka nje. Halafu nikapiga simu, nikiongea Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili katika sentensi moja, na yule wa upande wa pili akaelewa.

Wakati tunapandishwa kwenye ambulensi mama mkwe alifungua macho. Alitapika kwanza. Kisha akamwona mtoto mikononi mwa mhudumu, kifua wazi kwenye upepo, na maneno yake ya kwanza kutoka alikokuwa yalikuwa: mfunikeni, atapigwa na baridi. Nilicheka na kulia pamoja. Nilikuwa na hasira naye kiasi ambacho ningeweza kumrudisha mle ndani.

Hospitali walitutia barakoa za hewa, mimi kubwa, mtoto kadogo, na tukaachwa hapo saa nyingi. Waliniambia wanasubiri waone damu yake. Sikuwaelewa. Nilichosikia ni kusubiri. Sikuweza kuketi, nilikuwa nasimama hadi mpira wa barakoa unanivuta nirudi. Mume wangu alikuja na sare zake za kazi, akasimama ukutani bila kumgusa mtu. Ni yeye aliyeniletea maneno ya watu wa zimamoto waliokwenda kwetu. Walisema hita haikuwa mbovu. Moto unakula hewa ile ile ya kupumua. Hewa ikipungua chumbani, moto unaanza kutoa hewa ya sumu, na kile kimoto kidogo kinanyanyuka, kinakiacha kisindano, kisindano kinapoa na gesi inakatwa. Imetengenezwa ijizime kabla haijaua mtu. Kila iliposema tak ilikuwa inatuambia tufungue dirisha. Na hata ikiwa nzima, si kitu cha kuwashwa kwenye chumba kisicho na upenyo, wala si kitu cha kulala nacho. Aliyasema hayo akitazama viatu vyake, akatoka akaenda kumpigia fundi. Nilimsikia koridoni akijaribu kugomba, halafu akakata simu.

Magharibi ilikuwa haijaingia mtoto alipolia. Alianza kwa kugugumia, akapata sauti, akaiachia yote, na wodi nzima ikageuka. Wallahi sijasikia adhana inayonituliza kama kilio kile. Muuguzi akaja akimchekea, Mkenya wa pwani, Kiswahili chake kama cha nyumbani, akamtoa barakoa, akasema damu yake imerudi vizuri, huyu ni mzima.

Kisha akakaa kwenye kiti kutuhoji, kazi yake, aandike. Tuliwasha nini, madirisha yakoje. Mama mkwe alikaa kitanda cha pili, mikono ameikalia. Akajibu kila kitu kwa ukweli, kanga, taulo, jiko, fukizo. Muuguzi akamweleza kwa upole, akimwita bibi, kwamba sumu hii haina harufu wala rangi, inaleta kichwa na usingizi, na wadogo huwaondoa mapema kwa sababu wanapumua haraka. Alipoinuka, mama mkwe akamshika nguo.

"Na makaa je? Makaa ya kawaida, ya kwenye jiko?"

"Hayo ndiyo mabaya zaidi, bibi. Hayana hata cha kuyazima."

"Hata yakiwa chini ya kitanda tu? Kidogo, ya kumwotesha mzazi?"

"Hasa hapo," muuguzi akasema, akamfunika miguu kwa blanketi, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Tukabaki mimi, mtoto na mama mkwe. Nilikuwa nimejiandalia maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye ambulensi, yote makali, yote ya haki, na mume wangu hayupo wa kunikodolea.

"Mumeo si wa kwanza kwangu," mama mkwe akasema. Hakuniangalia. "Kabla yake nilizaa msichana. Alikuwa analia hivyo, mchana kutwa, mimi kichwa kinaniuma. Wakasema ni wifi yangu, hana mtoto, kamtia jicho. Siku moja akatulia. Nilishukuru, nikalala. Wifi yangu nilimfukuza msibani, na sijaongea naye tena mpaka wamemzika."

Kisha akaitoa mikono yake chini ya mapaja, akaitazama.

"Nilimfukiza mimi mwenyewe. Kila alipolia nilimfukiza."

Maneno yangu yote makali yakaniishia. Sikumwambia si kosa lako, kwa sababu alikuwa hajaniuliza. Mtoto alikuwa anapiga kelele begani mwangu, amekasirika, anatafuta titi, na mikono ya bibi yake ilikuwa wazi magotini. Nikashuka kitandani nikamwendea. Alirudi nyuma, akatikisa kichwa, akasema hapana, mwanangu, mimi nisimguse.

Nikamlaza mikononi mwake hivyo hivyo, analia, nikaketi ubavuni mwake.